Naomba ushauri: telekonvata ya 2x au lenzi ya 100-400mm?

Habari zenu wadau. Napiga picha za ndege, hasa furukombe wa Ziwa Naivasha, nikiwa ndani ya boti. Nina kamera ya Canon 7D Mark II na lenzi ya EF 70-200mm f/2.8L IS II, lakini 200mm haifiki; nikikuza picha, manyoya ya kichwa yanavurugika.

Nimeazima telekonvata ya Canon, Extender EF 2x III (kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi na kuzidisha urefu wa lenzi mara mbili). Napata 400mm kwa f/5.6, maana inakula stopu mbili za mwanga, yaani unabaki robo tu. Furukombe akitulia juu ya mgunga, picha inapendeza, hasa nikifunga tundu la lenzi hadi f/8. Akishuka kudaka samaki, fokasi inabaki nyuma: maji yanaonekana vizuri, kucha zina ukungu. Canon wenyewe wanaeleza kuwa 2x hupunguza kasi ya fokasi kwa 75%. Telekonvata ya 1.4x inaishia 280mm, bado fupi.

EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II ni ghali kwangu, hata iliyotumika, na 70-200 siwezi kuiuza kwani harusi ndizo zinazonilisha.

Kwa mliotumia zote mbili: kwa ndege anayeruka, tofauti ya fokasi inafaa gharama hiyo? Na kuna mpangilio wa fokasi kwenye 7D Mark II uliowasaidia mkiwa na 2x?

Natanguliza shukrani.