Wanafunzi wanasema udongo mweusi ndio tifutifu: niwaeleweshe vipi?

Mwalimu wa Kwimba:
Ndugu walimu wenzangu, ninafundisha darasa la nne. Juma lililopita niliwaagiza watoto waje na konzi ya udongo wa nyumbani, tukaumwaga juu ya magazeti ili tuutenge katika mafungu ya kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Wote walifuata rangi tu: mweupe wakauita kichanga, mwekundu mfinyanzi, na ule mweusi wa mbugani, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono, wakauita tifutifu kwa kuwa "mweusi una rutuba". Nikawakosoa, lakini waliponiuliza rangi ina kazi gani basi, sikuwa na jibu la kuwaridhisha.

Bwana shamba:
Mwalimu, kosa hilo hata watu wazima wanalo. Aina ya chembe hujulikana kwa vidole, kwa hiyo mtoto afumbe macho. Aondoe vijiwe na mizizi, atie maji kidogo kidogo huku akiukanda kama unga wa chapati, kisha ausukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada mpaka utoke utepe. Kichanga hukwaruza na hakitoi utepe; tifutifu hukatika kabla ya kufika kama sentimita 2.5, mfinyanzi hupita sentimita 5 na hung'aa kama umepakwa mafuta. Huo wa mbugani msiufanyie haraka, maana madonge yake hunywa maji polepole, na mtoto asiye na subira atadhani ameshika changarawe.

Mwalimu mstaafu:
Rangi nayo ina habari yake, ila si habari ya chembe. Wekundu ni chuma iliyopata hewa, kutu ile ile ya jembe; maji yanaposimama muda mrefu, kama majarubani, udongo huwa wa kijivu wenye madoa ya kutu kandokando ya njia za mizizi. Weusi mara nyingi ni mboji, lakini udongo wa mbuga unaweza kuwa mweusi tititi na mboji yake ikawa haba. Lowesha sampuli zote kabla ya kuzilinganisha, kwani udongo mkavu hupauka.

Isitoshe, watoto wa Kisukuma wana majina yao: luseni wa kichanga huko juu karibu na mawe, itogolo katikati ya mteremko, mbuga bondeni. Mfuatano wa namna hiyo ndio Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanganyika, aliouita katena mwaka 1935. Watembeze kwa kufuata mteremko, wachote wenyewe.

Mwalimu wa Kwimba:
Ninawashukuru. Leo tumefumba macho, na wa mbugani umehamia fungu la mfinyanzi bila mimi kusema neno. Sasa binti mmoja ameleta udongo wa kichuguu kutoka shamba la luseni, nao umetoa utepe mrefu. Mchwa wameutoa wapi?

Bwana shamba:
Chini, Mwalimu. Mchwa huchagua chembe laini za tabaka la chini na kuzipandisha juu, na ndiyo maana wafyatua matofali huupenda udongo huo.