Matairi ya masika: nitume kutoka huku au yanunuliwe Tanga?

Kutoka: Dada wa Makorora, Hamburg

Assalaam alaykum wana Tanga popote mlipo, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba ushauri, hasa kwa madereva. Nyumbani tuna Noah ambayo kaka yangu anampelekea mama kliniki, hospitali ya Bombo mjini Tanga, kutoka Muheza. Masika inakaribia, na kaka anasema mvua ikiwa kubwa gari linaelea. Usukani unakuwa mwepesi mikononi ghafla, sekunde moja au mbili, kisha unarudi. Mama ameshaanza kuogopa kupanda siku za mvua, na kliniki haiwezi kuahirishwa kila mara.

Huku jirani yangu ameuza gari lake, akaniachia matairi manne ya majira ya baridi. Kashata, yaani meno ya tairi, bado zimesimama na saizi ni ileile ya Noah, 195/65R15. Kuna kontena la pamoja linaondoka mwezi ujao kwenda Dar. Nimewaza kwamba tairi lililotengenezwa kwa theluji na barafu halitashindwa na mvua ya Tanga. Mwenye uzoefu anieleze kabla sijalipia nafasi.


Kutoka: Mjomba wa Leicester

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Usilipie. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo kwenye orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Hilo halina mlango wa kulipa ushuru ukapita. Yakikutwa yamelazwa ndani ya kontena, hasara haitakuwa yako peke yako, maana mizigo ya wenzako mlioshirikiana inaweza kusimamishwa bandarini kwa ajili yake. Tuma pesa, kaka anunue mapya huko huko.


Kutoka: Dereva wa Chumbageni

Dada yangu, mjomba amekata mzizi wa fitina upande wa sheria. Mimi nitasema upande wa barabara, kwa sababu hata yangeruhusiwa nisingetaka mama apande gari lenye matairi hayo.

Matairi ya theluji tunayajua hapa. Magari mengi tunayopata yanatoka Japani, na yaliyotumika kaskazini kule Hokkaido mara nyingi yanashushwa na matairi hayohayo. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, na ukiangalia kashata zake unaona zimechanwa vistari vyembamba vingi mno, vimepindapinda. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Sasa ulete mpira huo Tanga, lami ya saa nane mchana. Ukikanyaga breki unazisikia kashata zinapinda kwanza, gari linatanguliatangulia, ndipo linashikwa. Mvua yetu nayo ni ya vuguvugu, haiupoozi mpira ukafika kwenye ule ubaridi unaoupenda. Na yanaisha haraka. Mtu anafurahi gari limekuja na kashata nene, mwaka haujapita ni kipara.

Sasa tuje kwenye hilo la kuelea, maana ndilo linalonitia wasiwasi. Kaka yako asisubiri pesa ndipo aangalie. Leo hii ainame, apitishe kidole ndani ya mifereji mikubwa inayozunguka tairi. Atakuta vinundu vidogo vimevuka mfereji, na juu kwenye bega la tairi kuna herufi TWI au kipembetatu kinachoonyesha vilipo. Vinundu hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha kama milimita 8. Kashata zikilingana na vinundu, tairi limekufa. Lakini kwa mvua usingoje lifike hapo. Mimi nikiona imebaki milimita 3 naanza kutafuta mengine, kwa sababu mfereji ndio njia ya maji, na mfereji wa milimita 2 hauna pa kuyapitisha.

Apitishe kidole matairi yote manne, na kila tairi alipapase upande wa ndani pia. Alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, ikiwa imeharibika, tairi linalika ndani wakati nje linapendeza. Ukisimama pembeni ya gari huoni kitu.

Kuna jambo jingine ambalo linaniumiza sana na nataka lijulikane kwa mnaotuma pesa. Wapo wanaochonga matairi. Nimesimama nikaangalia inavyofanywa: tairi kipara linalazwa chini, fundi ana kisu chenye makali yaliyokunjwa kama herufi U, kimepashwa moto, anakisukuma polepole akifuata alama ya mfereji wa zamani, na mpira unatoka utepe mrefu mweusi unaonuka. Nusu saa nyingi, tairi lina mifereji. Linapakwa rangi nyeusi, linapangwa. Mifereji ile imechukuliwa kutoka kwenye mpira uliokuwa unazilinda nyuzi na waya za ndani. Matairi ya malori yapo yaliyotengenezwa kwa kuchongwa, na ubavuni yameandikwa REGROOVABLE. La gari dogo halikutengenezwa hivyo. Utalitambua vipi? Vile vinundu vya TWI havipo, vimeondoka na kisu. Mfereji haulingani upana, na chini umekwaruzika badala ya kuwa laini. Ukiona hata uzi mmoja, ondoka hapo dukani.

Umri nao. Ubavuni kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani au juani miaka minane lina kashata kamili lakini mpira umekauka, na mpira mkavu hauishiki lami iliyolowa. Wenye viwanda wengi wanasema likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na miaka kumi ndiyo mwisho hata kama halijaisha. Tarakimu hizo wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kabla halijafungwa kaka aligeuze aone pande zote mbili.

Mwisho kuhusu kufunga. Ukitoa pesa ya mawili tu, mapya yaende nyuma. Najua mafundi wengi wa kwetu watayaweka mbele, watakwambia ndiko kwenye usukani. Wakatalie kwa heshima. Ya mbele yakielea, gari linakwenda mbele moja kwa moja, unaachia mafuta taratibu, linarudi. Ya nyuma yakielea, mkia unakupita na dereva wa kawaida harudishi gari hilo.


Kutoka: Dada wa Raskazone, Birmingham

Kaka wa Chumbageni ahsante sana. Nimelipigia printi lile la kuchonga nimpelekee baba.

Naongeza la upepo, maana nikija nyumbani naona watu wanajaza kwa kukisia, au fundi pancha anapiga teke tairi anasema tosha. Upepo ndio unaoamua gari litaanza kuelea kwenye mwendo gani. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA walikuwa wanachunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zilizolowa, wakapata kanuni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha upepo kwa psi (kile kipimo cha fundi pancha), zidisha kwa 9, unapata mwendo kwa noti (kipimo cha mwendo wa ndege na meli) ambao tairi linaweza kupanda juu ya maji. Nimegeuza kuwa kilomita. Upepo 33 unakupa karibu kilomita 95 kwa saa. Upepo 20 unakupa karibu 75. Kanuni ilitokana na matairi ya ndege na inahusu maji yaliyozidi kina cha kashata, kwa hiyo msiichukue kama ruhusa ya kukimbia 90. Tazameni ile tofauti tu: tairi lililolegea limekuibia kilomita 20, na kwa macho huwezi kuliona limelegea.

Kazi ya tairi lenyewe ni kubwa kuliko tunavyodhani. Nimepiga hesabu ya tairi la upana wa milimita 195 likienda kilomita 80 kwa saa juu ya maji ya milimita 3. Kila sekunde linakutana na lita 13 za maji. Ni zaidi ya nusu ya ndoo kubwa, kila tairi, kila sekunde, na yote lazima yapate pa kupita.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva. Magari ya Japani yanaandika kPa, kipimo kingine cha upepo. Gawanya kwa 6.9 upate psi: ukikuta 230, ni 33. Apime asubuhi kabla gari halijatembea, likiwa na moto kipimo kinadanganya.

Kuhusu kuchagua: huku Ulaya kila tairi jipya lina lebo yenye alama ya wingu la mvua, na herufi kuanzia A mpaka E tangu 2021. A ndilo linalosimama mapema zaidi kwenye lami iliyolowa. Japani nao wana lebo yao tangu 2010, ya kwao inaanzia a hadi d kwa herufi ndogo. Kaka akienda dukani akutumie picha ya ubavu wa tairi: jina la kampuni, jina la tairi lenyewe, na saizi. Wewe utafute hapo Hamburg lina herufi gani. Kama ni lilelile, umejua unachonunua. Kwa mimi, herufi ya mvua ndiyo ninayoitazama kwanza kwa watu wa Tanga, kabla ya ile ya kubana mafuta.


Kutoka: Ami, Muscat

Salaam. Wanangu mmesema mengi mazuri, nami naongeza dogo. Huku Oman mvua ikinyesha milimani wadi, yaani bonde la mto mkavu, linajaa ghafla, na kuvuka wadi lililojaa kwa gari ni kosa la jinai. Waliokufa wengine walikuwa kwenye magari makubwa yenye matairi mapya. Nyumbani mtu akikuta maji yamevuka barabara, asiseme nina matairi mazuri. Maji yanayokwenda yanasukuma gari zima ubavuni, na chini hujui kama barabara bado ipo. Ageuze, akalale Muheza.


Kutoka: Dereva wa Chumbageni

Shikamoo Ami, na ni kweli kabisa.

Dada wa Birmingham amenikumbusha jambo la barabara yenyewe. Malori ya saruji na ya mizigo ya bandari yameibonyeza lami kwenye njia zao za magurudumu, ikabaki mifereji miwili mirefu. Mvua ikinyesha inajaa kabla ya pengine popote. Kaka yako nadhani anaendesha humo humo ndani, maana ndiko gari linakojipeleka. Asogee kidogo, magurudumu yapite juu ya mgongo wa katikati ya ile mifereji, na apunguze mpaka 60. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote: vumbi na mafuta ya magari vinachanganyika na maji kidogo, lami inakuwa na utelezi, na mvua ikizidi huoshwa ikaondoka. Wengi wanafanya kinyume, wanakimbia mvua ikiwa manyunyu, wanapunguza ikiwa kubwa.

Gari likielea asikanyage breki kwa nguvu wala asikate kona. Aachie mafuta, ashike usukani umenyooka, asubiri matairi yaguse chini.


Kutoka: Mwana wa Amani, Dodoma

Samahanini, na sisi wa kule juu? Kutoka Muheza kupanda Amani kuna udongo mwekundu.


Kutoka: Dereva wa Chumbageni

Huko ni kesi tofauti, ndugu yangu. Udongo ule unajaza mifereji ya tairi la lami likawa kipara hapohapo. Unataka kashata kubwa zilizoachana, ili tope lirushwe tairi likizunguka, na ujue kwamba tairi hilo ukishuka nalo mjini kwenye lami iliyolowa linateleza zaidi kuliko la kawaida. Kama unaishi huko na gari lako halishuki mara kwa mara, funga hayo. Kama ni kwenda mara moja moja, panda na wenye magari ya kazi hiyo. Lushoto kwa upande wake ni lami kutoka Mombo, unahitaji tairi zuri la mvua na breki nzima, na kushuka kwa gia ndogo.


Kutoka: Dada wa Makorora, Hamburg

Nawashukuru sana, Mungu awabariki nyote. Nafasi ya kontena nimeiacha, na matairi ya jirani nitayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia taka za matairi hapa mtaani.

Kaka ameinama leo asubuhi, amenitumia picha. Ya mbele yana DOT 4121 na kashata amepima kwa rula, zimebaki kama milimita 5. Ya nyuma ni 0914, vinundu vimelingana kabisa na kashata, na moja lina nyufa ubavuni. Upepo wa nyuma amekuta 22, kibandiko cha mlangoni kinasema 230 kPa. Kwa hiyo ndiyo hatari aliyoionya dereva wa Chumbageni, mabovu yalikuwa nyuma. Amejaza upepo, na mama atapanda basi mpaka mapya yafungwe.

Pesa ya mawili natuma Ijumaa. Kaka wa Chumbageni, nakuomba sana, kama una nafasi Jumamosi, nenda naye dukani umtazamie tarakimu za DOT kabla hajalipa. Nitampa namba yako nikikuandikia pembeni.