Milioni 22 mkononi: kiwanja cha mkataba Chanika, cha kampuni Kigamboni, au nyumba ya mirathi Mbagala?

Mpangaji Sugu
Wakuu, habari za jioni. Nimepanga hapa Dar miaka 11, mwenye nyumba kapandisha kodi tena na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nina milioni 22. Nimezunguka na dalali wiki tatu, nimebakiwa na sehemu tatu.

Chanika, 20 kwa 20, milioni 7. Hakina hati, tunaandikishiana serikali ya mtaa. Kigamboni, skwea mita 450, milioni 13 na nusu kwa awamu 12. Kampuni inasema kimepimwa na hati "inafuata". Mbagala, nyumba ya vyumba vitatu, hati ipo, milioni 22. Hati ina jina la mzee aliyefariki 2016, anayeuza ni mwanawe mkubwa. Moyo wangu uko Mbagala maana nikilipa leo, kesho nahamia. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Dalali Mstaafu
Nyumba yenye hati Mbagala kwa milioni 22? Hapo kuna msiba au kuna kesi. Huyo dalali wako mlipe hela ya kuonyeshwa, muachane kwa amani.

Binti Tanga
Nimekaa ofisi ya wakili miaka tisa, mafaili ya namna hii nimeyabeba sana. Kaka, kuwa mtoto mkubwa si cheo. Mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Muulize huyo bwana kitu kimoja: Fomu namba 4 iko wapi? Hiyo ndiyo inayotoka Mahakama ya Mwanzo kumpa mtu usimamizi. Akikutolea muhtasari wa kikao cha ukoo, mshukuru na umrudishie. Kikao kinapendekeza jina, anayeteua ni mahakama.

Akiwa nayo, bado hajamaliza. Hati inapelekwa kwa Msajili wa Hati iingizwe jina lake kama msimamizi, ndipo aweze kuhamishia kwako. Na usiridhike na sahihi yake peke yake, taka za warithi wote. Kuna mteja wetu alilipa, akapaka rangi, akaweka geti jipya. Mwezi wa tano akashuka dada mdogo kutoka Tabora, mtoto mgongoni, kwenye kikao hakutajwa kabisa. Kesi ilikwenda miaka minne.

Halafu, mama yao yupo? Kama yupo, anza naye. Hata ukinunua kwa mtu aliye hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa iwe ya maandishi mbele ya wakili. Zile za "mke wangu hana neno" tumezizoea.

Mama Kuku
Mimi nilinunua kwa mkataba wa mtaa mwaka 2014, upande wa huko huko Chanika. Nasema kweli sijutii, ila nilihangaika. Ofisi ya mtaa walitaka asilimia 10 ya bei. Nikaomba risiti. Wakaangaliana, ikashuka ikawa "chochote cha karatasi". Tuliandikishiana kwenye daftari kubwa, muhuri ukagongwa mara tatu maana wino ulikuwa umekauka, na majirani wa pande zote nne wakaweka sahihi na simu zao.

Hao majirani ndio walioniokoa. Baada ya miaka miwili alikuja mtu na mkataba wake wa kiwanja kilekile, muuzaji yuleyule, muhuri uleule. Mimi nilikuwa wa kwanza, msingi upo, na mashahidi walikuwa hai. Angalia: muhuri wa mwenyekiti unaonyesha mliuziana mbele yake. Hausemi kama muuzaji ndiye mwenye mali. Ukienda Chanika, ongea na majirani bila dalali, jioni, wakiwa wametulia.

Mpimaji wa Zamani
Mimi niseme la Kigamboni, maana neno "kimepimwa" limekuwa kama chumvi, kila chungu limo. Kuna kilichopimwa na vijana wawili wenye kamba na vigingi vya mti. Kuna kilichochorwa kwenye mchoro wa mipango miji, ila hakuna jiwe hata moja lililozikwa. Na kuna ambacho ramani yake ya upimaji imeidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ina namba yake ya usajili. Hati inatoka kwenye hicho cha tatu. Waombe namba ya ramani, namba ya kiwanja na jina la kitalu. Wakikuambia "iko ofisini kwa bosi", ni kamba na vigingi.

Pili, nenda na mtu akuonyeshe mawe. Kila kona ina jiwe la zege lenye namba, na namba ifanane na ya kwenye ramani. Mawe huhamishwa, usicheke.

Tatu, kampuni yenyewe ilipata wapi hilo eneo? Kama shamba lote liko chini ya hati moja ya mtu mwingine, au limewekwa rehani benki, wewe unalipa awamu kwenye mali iliyofungwa. Lipia upekuzi kwa Msajili, gharama yake ni ndogo. Utaona jina la mmiliki, rehani na zuio. Kisha soma kile kipengele cha ukichelewa kulipa. Kuna mikataba ukikosa miezi miwili kiwanja kinarudi kwao na hela haitoki.

Pwani Moja
Salamu kutoka Mombasa. Huku Majengo na Kisauni tuna jambo letu, nyumba bila ardhi: unanunua kuta na paa, ardhi ni ya mtu mwingine na unamlipa kodi ya kiwanja. Wageni huambiwa "nyumba inauzwa", wakatia sahihi wakidhani wamenunua mpaka mchanga. Je, kwenu hayo yapo?

Binti Tanga
Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa miliki ya miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo Mpangaji, kwenye hati yoyote angalia imebaki miaka mingapi, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Deni lisipofutwa, uhamisho hauendi.

Na gharama za uhamisho mkubaliane kabla. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa kawaida mnunuzi ndiye anayebeba. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Wauzaji wengi hujifanya hawajawahi kuisikia, kisha faili linakwama TRA wakati hela yako wameshakula. Bakiza sehemu ya malipo mpaka uhamisho ukamilike.

Mpangaji Sugu
Nimerudi. Kigamboni nilikwenda na mpimaji wa kujitegemea. Namba ya ramani wametoa, mawe matatu tumeyaona, la nne lilikuwa chini ya matuta ya mihogo, tukafukua, namba imefanana. Jumatatu nafanya upekuzi, na nimewaambia kipengele cha miezi miwili kibadilishwe la sivyo sisaini.

Mbagala nilipita jana bila kumwambia yule bwana. Mama yupo, anaishi chumba cha nyuma. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza kama nimekuja kusoma mita ya umeme.