Nahama msambazaji wa muziki: namba za ISRC nibaki na za zamani au nichukue mpya?

Mzee wa Biti: Wakuu habari za muda huu. Nina EP ya nyimbo tano, ipo Spotify, Boomplay na kwingineko. Mwezi ujao nahamia kwa msambazaji mwingine. Fomu yake ina sehemu ya ISRC (namba ya utambulisho ya kila rekodi), ukiiacha wazi wanakupa namba mpya bure. Mshkaji wangu ananiambia niache wazi, maana za zamani zinaanza na QZ, eti Wamarekani ndio wenye mali. Nisaidieni kabla sijabonyeza.

Fundi Mitambo: Mkuu, usiache wazi! Ile namba ni ya rekodi, siyo ya msambazaji. Ikishatolewa haibadiliki hata ukiuza haki zote. Ukichukua mpya kwa sauti ileile, mitandao inaweza kuiona kama wimbo mgeni, ukaanza kuhesabiwa kutoka sifuri na kwenye playlist za watu ukatoka. Pakua orodha ya ISRC pamoja na UPC ya EP (namba ya toleo zima, siyo ya wimbo mmoja mmoja) sasa hivi, akaunti ikifungwa utahangaika. Halafu pandisha faili lilelile, usiguse miksi.

Hiyo QZ isikutishe. Ni herufi mojawapo za Marekani, inaonyesha namba ilitolewa wapi basi. Tatu zinazofuata ni za aliyeitoa, mbili ni mwaka namba ilipotolewa, tano za mwisho ndizo za rekodi yako. Jumla 12. Mmiliki hasomeki humo.

Binti Ngamiani: Naongezea hapo kwa Fundi. Remix, laivu, biti tupu, toleo lililokatwa kwa ajili ya redio: kila moja namba yake. Video nayo yake. Ila wimbo uleule ukiingizwa kwenye albamu ya mchanganyiko unabaki na namba yake ya zamani, kinachobadilika ni UPC.

Kaka Mwanasheria: Mnasahau jambo moja. ISRC siyo hakimiliki. Mtu wa Mombasa akiimba upya wimbo wako, rekodi yake inapata ISRC yake, lakini mashairi na melodi ni vyako bado. Utunzi una namba nyingine, ISWC, inaanza na T, na hupitia vyama vya watunzi. Huku Bongo nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili kazi. Wengi wana ISRC kibao, pesa ya utunzi hawajawahi kuiona.

Mzee wa Biti: Asanteni sana. Nimepakua orodha. Sasa wimbo wa nne na biti yake tupu zina namba moja, hii imekaaje?

Fundi Mitambo: Hapo walichanganya. Namba ya zamani iache kwa wimbo wenye sauti, biti iombee mpya kwa huyu unayehamia. Na kwa yule wa kwanza usiziondoe nyimbo mpaka uzione za upande wa pili ziko hewani na hesabu ya wasikilizaji imeungana.