Jirani aliniletea fomu ya mkopo nami najua jina lake limo kwenye orodha

Binti Maweni (mwenye swali)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika idara ya wafanyakazi ya hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, ambayo sitaitaja. Wenye kuujua mji huu wanafahamu kwamba wageni hutujaa kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, na kwamba masika yakianza vyumba hubaki vitupu, nusu ya majiko huzimwa, na wafanyakazi wa msimu huagwa hadi wageni watakaporejea. Hilo tumelizoea. Wengine hunitania kwamba wakiniona na bahasha mkononi hawana haja ya kutazama mawingu.

Mwaka huu wenye hoteli waliamua kupunguza hata walioajiriwa kwa kudumu. Orodha ya watu kumi na wanne ikaandaliwa, nami nikawa mmoja wa watu watatu walioijua. Jumanne moja, saa nne za asubuhi, akaniingilia ofisini mpishi wetu wa mikate, mtu mzima aliyekuwa akivua pamoja na marehemu babangu, ambaye ua wa makuti ndio pekee unaotenganisha nyumba yake na yetu, na ambaye huniita "mwanangu" hata mbele ya meneja. Alishika fomu ya mkopo ya chama cha akiba na mikopo. Ilikuwa imekwisha kujazwa, wadhamini wametia sahihi, na nakala za vitambulisho vyao zimebanwa nyuma. Kulibaki sehemu moja tu, nayo ni sahihi yangu na muhuri wa hoteli, kuthibitisha kwamba yeye ni mwajiriwa wa kudumu na kwamba makato yatatoka kwenye mshahara wake kwa miezi thelathini na sita. Alitaka kuezeka mabati na kumlipia bintiye karo ya sekondari.

Jina lake lilikuwa la tisa kwenye orodha. Mmoja wa wadhamini wake alikuwa wa kumi na mbili.

Nilimwambia kwamba muhuri uko kwa meneja, meneja amekwenda Mombasa, basi aiache fomu. Muhuri ulikuwa ndani ya droo, chini ya mkono wangu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nikamkabidhi barua ya kupunguzwa kazini.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Lau ningetia sahihi, ningekithibitishia chama cha mikopo jambo ambalo nilijua litakuwa uongo kabla ya wiki kwisha, na malipo yake ya kuachishwa yangeishia kwenye deni. Lau ningemwambia ukweli, ningekuwa nimemfunulia siri ya ofisi mtu mmoja kati ya kumi na wanne kwa kuwa tu ni jirani yangu, na wale kumi na watatu wangekuwa na haki ya kuniuliza wao walinikosea nini. Sasa akipita barazani kwetu huwasalimu waliokaa mmoja mmoja kwa jina, akafika kwangu akaendelea na safari yake. Mkewe amemwambia mamangu kwamba nilimtazama mzee machoni nikamdanganya.

Wenzangu wa kazi hii, ningefanyaje? Na je, mtu wa idara ya wafanyakazi katika mji mdogo kama huu anaweza kweli kuwa na watu wake kazini, au ni lazima achague?

Mstaafu wa Langoni

Wa alaykumu salaam, binti yangu. Nilikuwa afisa wa wafanyakazi kwa miaka ishirini na sita, na mingi ya miaka hiyo niliimaliza hapa Amu, yaani Lamu, ambapo mji mzima ni vichochoro visivyopita gari, na ukitaka kumkwepa mtu huna njia ya pili ya kushika. Niliwahi kumpa mtu barua asubuhi, na baada ya Alasiri tukajikuta tumeketi goti kwa goti katika mashua moja ya kwenda Mokowe. Hatukusema neno mpaka gatini. Kwa hiyo hilo la salamu ninalifahamu vizuri.

Nitakwambia ninavyoona, nawe usikasirike. Kuificha orodha hakukuwa kosa lako. Kosa ni muhuri. Mzee angeweza kukusamehe kwa kunyamaza, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ofisi ina mambo yake, lakini wewe ulimtungia kisa chenye meneja, safari na Mombasa ndani yake, na sasa kila anapokikumbuka anajiona alivyosimama pale akikiamini. Mimi nilikuwa na desturi moja ambayo ningependa uichukue. Mara tu orodha ya namna hiyo ilipoanza kuzungumzwa, hata kabla ya majina kuandikwa, nilisimamisha kutia sahihi fomu zote za mikopo, za watu wote, kuanzia mkuu wa idara hadi mfagizi, nikaandika barua ya mstari mmoja kwamba fomu zitapokewa tena tarehe fulani. Aliyekuja niliweza kumjibu kwa neno la kweli, kwamba wiki hizi sitii sahihi ya mtu yeyote. Hapo huhitaji kumtazama usoni mtu mmoja na kumtafutia sababu yake peke yake.

Kuhusu marafiki, nilikuwa nao na bado ninao. Tulikuwa tumeelewana tangu mwanzo kwamba kuna maswali hawataniuliza.

Mwanashela

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, ushauri wa kusimamisha fomu zote nimeujaribu, na kwetu ulileta balaa. Ninasimamia wafanyakazi wa nyumba kadhaa za wageni hapa Shela, watu wasiozidi sitini kwa jumla, na siku niliposimamisha fomu, kabla ya Magharibi wapishi walikuwa wamekwisha kukisia nani anaondoka, wakakosea, na yule waliyemkisia akaenda kukopa kwa muuza duka kwa hofu tu. Jina lake halikuwamo kabisa. Mahali ambapo watu wote wanajuana, kufunga mlango kwenyewe ni tangazo.

Dada yangu wa Malindi, mimi ninaamini ungemwambia hivi: "Mzee, kama ningekuwa wewe, mwezi huu nisingekopa." Hujataja orodha wala jina, na mtu mzima akiambiwa hivyo na mtu wa ofisi ataelewa. Najua wengine wataliita hilo kutoa siri kwa mlango wa nyuma, nami sitabishana nao sana, ila naona ni afadhali kuliko deni la miaka mitatu.

Hilo swali la pili ndilo lililonifanya niandike. Ninachokipata kila siku si uadui, ni ukimya. Nikiingia jikoni mazungumzo hukatika, kisha mtu huanza kuuliza habari za bahari. Huku nyuma watu hao hao, mmoja mmoja, huja kunifungia mlango na kunieleza maradhi yao, talaka zao, mshahara unaochukuliwa na kaka mkubwa kabla haujafika nyumbani. Ninajua mengi mno ya watu ambao hawawezi kucheka mbele yangu. Arusini ninakwenda, tena ninachangia, lakini huondoka mapema ili nao wapate kunisengenya kwa raha.

Mwakilishi, Malindi

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika hoteli nyingine hapa mjini, na nimesoma yote haya nikisubiri mtu aulize swali ambalo kwangu ndilo la kwanza. Ilikuwaje Jumanne jambo liwe siri na Ijumaa liwe barua?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, haimruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa kuwashtukiza. Mfanyakazi akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, ni lazima chama hicho na afisa wa leba wa eneo waarifiwe sababu za upunguzaji na kiasi chake, muda usiopungua mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyokusudiwa. Asipokuwa mwanachama, ataarifiwa yeye mwenyewe kwa maandishi, pamoja na afisa wa leba. Wanaoondoka huchaguliwa kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa kila mmoja, wala si kwa kupendwa au kuchukiwa. Mwishoni hulipwa siku za likizo ambazo hawakuzichukua, mshahara wa mwezi mmoja endapo hawakupewa notisi ya kuachishwa, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku kumi na tano kwa kila mwaka uliotimia. Mtu aliyetumika miaka kumi na minne kwa mshahara wa shilingi 26,000, ukihesabu mwezi kuwa siku thelathini, malipo hayo peke yake hayapungui shilingi 182,000. Waajiri wengi huchanganya ile arifa ya mwezi na notisi ya mwisho, wakidhani kwamba kulipa fedha badala ya notisi kumewaondolea wajibu wa kuarifu. Hayo ni mambo mawili.

Sasa, dada, kama sheria ilifuatwa, mzee alipaswa kuwa anajua habari hii wiki kadhaa kabla ya kujaza fomu. Ninyi mnajadili namna ya kutunza siri ambayo haikupaswa kuwa siri.

Binti Maweni

Nashukuruni nyote. Ndugu Mwakilishi, nilipokusoma mara ya kwanza nilitaka kukujibu kwa ukali, kwa sababu arifa tuliitoa. Barua ilikwenda kwa chama na kwa afisa wa leba majuma matano kabla, na nakala ikabandikwa kwenye ubao ulio karibu na mlango wa jikoni. Ilikuwa kwa Kiingereza, haikuwa na majina, na ilisema tu kwamba baadhi ya nafasi huenda zikaathirika. Kwa kuwa ilibandikwa wakati ule ule tunaowaaga watu wa msimu kila mwaka, hakuna aliyeishughulikia. Nilikuwa nikijiambia kwamba sisi tumetimiza.

Kisha nikarudi kwenye sentensi yako kuhusu asiyekuwa mwanachama. Mzee huyu alijitoa chamani miaka miwili iliyopita, akisema makato yamekuwa mengi. Fomu yake ya kujitoa niliipokea mimi na kuiweka kwenye jalada lake. Leo nimelifungua jalada na kukuta wengine watatu katika orodha hawamo chamani, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa barua ya arifa. Nilizihesabu mara mbili.

Mwakilishi, Malindi

Hapo ndipo penyewe. Wanne hao wana hoja wakienda kwa afisa wa leba au kwenye Mahakama ya Ajira, na wewe unalijua hilo sasa, kwa hiyo uko kwenye fomu ya pili isiyotiwa sahihi. Sikushauri uende kuwafundisha watu kuishtaki hoteli inayokulipa. Andika kwa meneja, kwa tarehe na majina, kwamba wafanyakazi wanne hawakuarifiwa kama kifungu kinavyotaka, upendekeze walipwe fidia kwa maelewano kabla jambo halijafika mbali. Weka nakala. Meneja mwenye akili atakushukuru, maana mahakama ikiona mtu ameachishwa isivyo haki inaweza kuamuru alipwe hadi mshahara wa miezi kumi na miwili.

Mstaafu wa Langoni

Ninamuunga mkono, na ninakiri kwamba nilikimbilia kukufundisha namna ya kukataa fomu bila kuuliza habari za arifa. Zamani tulipokuwa kazini ubao ndio uliokuwa kila kitu, na wala hatukujali ni nani anayejua kuusoma. Nina jambo moja tu la kuongeza. Barua kwa meneja ni ya ofisi. Kwa mzee uende wewe mwenyewe, kwa miguu, wala usimtume mamako.

Binti Maweni

Nimerudi kuwaarifu, kwa kuwa mlinipa muda wenu. Barua kwa meneja niliiandika na kuipeleka Jumatatu. Hajanijibu, ila ameomba majalada manne yapelekwe kwake, nami nimeyapeleka.

Kwa mzee nilikwenda jana baada ya Alasiri. Nilimkuta uani akikanda unga wa mahamri, kwa kuwa sasa mkewe anauza asubuhi penye njia ya shule. Nilimwambia kwamba muhuri ulikuwa kwenye droo yangu, na kwamba yeye alistahili kupewa barua mwezi mzima kabla, barua ambayo haikuandikwa na ambayo kuiandika kulikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi. Aliendelea kukanda, hakuniita mwanangu, wala hakunifukuza. Baadaye akaniuliza fomu yake iko wapi, kwa sababu nakala za vitambulisho vya watu zimo humo na wenyewe wanazidai.

Ilikuwa ingali katika droo. Nimeichukua leo asubuhi, na nikitoka kazini nitampelekea.