Naomba ushauri: binti yangu anaonea aibu Kireno cha bibi yake

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Fall River, Massachusetts, Marekani, kwa watu wenye asili ya São Miguel, kisiwa cha Azores, visiwa vya Ureno. Binti yetu wa miaka 11 alijifunza Kireno kwa bibi yake, na sikukuu ya Roho Mtakatifu, pamoja na ile supu ya nyama na mkate, anaipenda kuliko Krismasi.

Shida imeanzia darasa la Kireno la Jumamosi. Mwalimu anamsahihisha matamshi ya kisiwani, ile "u" yao inayokaribia ya Kifaransa, anataka ya Lisbon. Sasa bibi akimsemesha, mtoto anajibu Kiingereza. Eti Kireno cha nyumbani ni kibovu! Mama mkwe kanyamaza, naumia sana.

Nimtoe darasani, au nikamwone mwalimu? Mliolea ugenini, mlifanyaje?