Dodoma ijenge bustani ya safari ya wanyama, au watoto wapelekwe porini?

Mwanzisha mada (Mlimwa)

Mbukwenyi wakuu. Naleta hoja, naomba tuijadili kwa hesabu.

Tangu treni ya SGR ifike Dodoma Julai 2024, watu wengi wanauliza swali moja: mgeni akishuka Ijumaa jioni na watoto, Jumamosi wanakwenda wapi? Chinangali Park wameshaiona. Wazo linalozungumzwa ni bustani ya burudani yenye bembea na michezo, na pembeni yake eneo la wanyama ambako wageni wanazungushwa na lori la wazi wakiwa na mwongozaji, kisha wanalisha twiga kutoka kwenye lori lenyewe.

Wenzetu wanalifanya siku nyingi. Longleat ya Uingereza ilifungua mbuga yake ya kupita na gari mwaka 1966. Busch Gardens ya Tampa, Florida, ina uwanda wa hekta kama 26 walioupa jina la Serengeti, na wageni wanapanda lori pale na kumlisha twiga majani ya letusi. Disney's Animal Kingdom ilipofunguliwa 1998 safari yake ikaitwa Kilimanjaro. Majina yametoka kwetu, na mtoto wa Nkuhungu hapa mjini anamjua twiga kwenye nembo ya ndege.

Mimi naunga mkono. Dodoma hadi Babati tu ni kilomita 251, ndipo uitafute Tarangire. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini hakimshindi mtu, kinachomshinda ni gari la kukodi. Tusemezane.

Mwana Kondoa

Mkuu, heshima yako, lakini mimi napinga.

Mkoa huu una Pori la Akiba Swagaswaga na Pori la Akiba Mkungunero. Ukielekea Manyoni unakutana na Muhesi na Kizigo. Wanyama tunao tayari, wako nyumbani kwao na wanajilisha wenyewe. Gharama ya kujenga uzio, mabanda, kliniki na ghala la malisho ingenunua mabasi mawili imara ya wanafunzi na kuchonga barabara za ndani za Swagaswaga. Mtoto angemwona tembo anayetembea anakotaka, na akiwa upande huo wa Kondoa angesogea hadi Kolo kuona michoro ya mapangoni iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006.

Pili, mfano wa Florida hautufai. Wao wasipofuga hawana twiga kabisa, sisi tunaye. Kumtoa porini na kumweka kwenye hekta 20 ili apokee karoti ni kumshusha hadhi mnyama wa taifa.

Nikumbushe pia historia. Saanane ya Mwanza ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, wengine wakiwa kwenye vizimba. Leo ni hifadhi ya taifa, tangu 2013. Tulishapita njia hiyo tukasonga mbele. Kwa nini turudi?

Daktari wa mifugo, Chamwino

Naomba niingie kwenye chakula, maana hapo ndipo bustani nyingi za namna hii zinapoangukia, na kwenye michoro ya wawekezaji hakionekani.

Twiga mzima anakula kama kilo 35 za majani mabichi kwa siku. Majani ya miti, si nyasi. Chukua twiga 5: ni kilo 175 kwa siku. Kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Novemba, ni siku kama 180. Hiyo ni tani 31.5 za majani matupu. Mti haukupi majani matupu, unakupa tawi, kwa hiyo uzito utakaokatwa na kubebwa ni zaidi ya maradufu. Kila siku, hata Jumapili, hata gari likiharibika. Na Septemba mgunga wa porini umeshapukutika.

Pundamilia ni rahisi kidogo. Kumi wanahitaji kama kilo 70 za hei kwa siku, yaani kilo 12,600 kwa kiangazi. Robota lililofungwa kwa boksi la mkono lina kilo 15 hivi, kwa hiyo ni marobota 840, yanunuliwe Aprili na Mei wakati nyasi bado zina rangi. Yakinyeshewa yakaota ukungu, usiwape. Pundamilia ana tumbo la farasi, hatapiki, na hei yenye ukungu inamletea msokoto wa tumbo unaomuua.

Sasa makosa ya kwetu hasa. Mtu atasema Dodoma tuna mtama, tukate bua changa tulishe. Mtama mchanga, au uliodumaa kwa ukame kisha ukachipua baada ya mvua moja, una sumu ya sayanidi. Mnyama anapumua kwa shida, anatetemeka, anaanguka, na mara nyingi hamalizi hata saa moja kabla ya kufa. Uwele hauna shida hiyo. Mwingine atasema mashudu ya alizeti na pumba vimejaa, tuwape kwa wingi. Mashudu na pumba ni kiungo, si mlo. Twiga akijazwa wanga wa pumba, asidi inapanda kwenye tumbo la kwanza, anaacha kucheua, kwato zinauma, anakonda huku anakula. Matawi ya mizabibu baada ya kupogoa anayapenda, ila uliza kwanza shamba limepuliziwa nini. Lililopigwa mruturutu lina shaba, na shaba inajikusanya kwenye ini.

Ukitaka kujua kama bustani inalisha vibaya, usiangalie mbavu. Angalia chuma cha lango. Twiga asiye na matawi ya kuchambua kwa ulimi kutwa nzima huanza kulamba chuma, sehemu ileile, saa kwa saa, mpaka rangi inabanduka na bomba linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa mchanga. Mgeni anapiga picha anasema twiga anacheza. Hachezi. Ulimi ule wa sentimita 45 umekosa kazi.

Kwa hiyo letusi na karoti, hata kama Florida wanafanya, ziwe kidogo sana. Wakilisha wageni 300 kwa siku, kila mmoja vipande vitatu, ni vipande 900 kwa twiga 5. Ni afadhali mgeni apewe tawi la mgunga au la lukina (mti wa malisho) la urefu wa mkono, alishike mwishoni, twiga achambue mwenyewe.

Binti Mpwapwa

Daktari ahsante. Na simba je? Maana watu wakisikia safari wanataka simba.

Daktari wa mifugo, Chamwino

Dada, kwa maoni yangu simba asiwepo kabisa. Anakula wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku, na lazima iwe na mifupa. Mtoto wa simba akilishwa mnofu mtupu anakosa kalisi, miguu inapinda, anatambaa kabla hajafika mwaka. Nyama ya ng'ombe aliyekufa baada ya kuchomwa dawa huwezi kumpa, dawa inabaki kwenye nyama. Simba pia anahitaji uzio wake, banda lake la usiku na wahudumu wake. Ni mradi mwingine kabisa.

Nyumbu naye asiletwe. Anabeba kirusi kisichomdhuru yeye, lakini ndama wake wachanga wanakimwaga kwa makamasi na machozi, ng'ombe anapata homa kali, macho yanaingia ukungu, pua inatoa makamasi mazito, na karibu wote wanaougua hufa. Bustani kuzungukwa na maboma ya Wagogo wenye ng'ombe, halafu ndani ukaweka nyumbu, ni kuwatia hasara majirani. Mkoa huu umeshaonja Homa ya Bonde la Ufa mwaka 2007. Tusijitafutie nyingine.

Orodha yangu: twiga, pundamilia, pofu, swala pala, mbuni. Pofu ndiye bora kwa Dodoma, anavumilia kiu na anakula majani ya miti pamoja na nyasi.

Fundi uzio, Kizota

Upande wa ujenzi kwa ufupi. Seng'enge isitumike mahali popote mnyama anapofika. Pundamilia akishtuka usiku anajichana. Kwa twiga uzio usipungue mita 2.4, wa waya laini unaoonekana, ukifungwa vitambaa au matete wiki za mwanzo ili auzoee. Kona za mraba zivunjwe ziwe mviringo, kwa sababu kundi linalokimbia hujazana kwenye kona na kuvunjana miguu.

Lango la lori liwe mawili, moja nyuma ya jingine, na katikati patoshe lori zima. La nje halifunguki mpaka la ndani limefungwa na pini imeingia. Kufuli moja na mlinzi aliyechoka havitoshi. Wanyama wengi wanaotoroka hawaruki uzio, wanapita langoni.

Mwongoza watalii, kanda ya kati

Mnazungumza kana kwamba mwongozaji ni mtu wa kushika kipaza sauti. Kazi yake ni usalama kwanza, maelezo baadaye.

Kabla ya kuondoka: hesabu vichwa, funga mlango wa nyuma mwenyewe kwa mkono, jaribu redio ya upepo, sema kanuni tatu tu maana zikizidi hazikumbukwi. Kaa. Mkono usitoke mpaka niseme. Kitu kikidondoka kimepotea. Kingo za lori ziwe za mita 1.1, mwendo usizidi kilomita 15 kwa saa. Kwenye jukwaa la lori abiria 20 ni wengi vya kutosha. Wakizidi, mwongozaji mmoja hawaoni wote.

Kwenye kulisha, hatari si meno ya twiga bali kichwa. Anakizungusha kwa uzito wote akimfukuza nzi au mwenzake, na mtu aliyeinama kupiga picha anapigwa. Hakuna kumshika usoni. Pundamilia haruhusiwi kulishwa kwa mkono kabisa, anauma na haachii. Mbuni dume shingo na miguu ikiwa myekundu yuko kwenye kuzaliana, lori lipite mbali na watu wasishuke. Teke lake linakwenda mbele na kucha inapasua.

Kuna jambo ambalo wawekezaji hawapendi kulisikia. Kila lori likilisha, baada ya miezi michache wanyama wanalijua lori kuliko mti. Wanalizingira, wenye nguvu wanakula kila mzunguko, wanyonge wanapigwa mateke pembeni. Kulisha kuwe kwa mizunguko miwili tu kwa siku, asubuhi na alasiri, mizunguko mingine iwe ya kutazama. Na twiga akiondoka hafuatwi. Mgeni atanung'unika, mwongozaji aseme hapana.

Tulichonacho kizuri ni watu. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kinafundisha tangu 1963, na cha Pasiansi kipo. Vijana wa kazi hii hatuagizi nje.

Mwana Kondoa

Hayo yote yanaongeza nguvu hoja yangu. Tani thelathini na moja za majani, malango mawili, daktari wa kudumu, vyote hivyo ili tupate kitu ambacho Swagaswaga kipo tayari. Na maji? Mji huu unategemea visima vya Makutupora, mitaa inakaa siku bila bomba kutoa tone. Tuwape twiga?

Mkazi wa Hombolo

Kaka, kwenye maji hesabu inasema tofauti na tunavyodhani. Twiga wakati wa kiangazi weka lita 40, mara 5 ni 200. Pundamilia 10 kwa lita 15 ni 150. Pofu, swala na usafi wa mabirika, jumlisha tufike 700. Sasa wageni 300, kila mmoja aende chooni mara moja, kuflashi lita 9: ni lita 2,700. Vyoo vya wageni vinakunywa karibu mara nne ya wanyama, na hapo hujamwagilia bustani ya maua.

Kwa hiyo sharti liwe kisima chao wenyewe, maji yapimwe chumvi kabla ya kujenga chochote (kisima kinaweza kutoa maji mengi ambayo mnyama hatayanywa), vyoo visivyotumia maji ya kuflashi, na hakuna nyasi za urembo. Wakitegemea boza, Oktoba watakwama.

Daktari wa mifugo, Chamwino

Bado hatujagusa wanatoka wapi. Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma chini ya sheria ya 2009, hakuna anayekwenda kuwakamata kwa pesa zake bila kibali. Na ukamataji wenyewe huua. Pundamilia au twiga akikimbizwa dakika nyingi joto la mwili linapanda kupita nyuzi 41, misuli inaanza kufa ndani kwa ndani, mkojo unatoka rangi ya kahawa. Anaweza kusimama, akala, akaonekana mzima, kisha akafa wiki ya pili. Twiga mzima kumlaza kwa sindano ni hatari zaidi kwa ile shingo na shinikizo la damu. Wanaohamishwa huwa wadogo, wanasafirishwa wamesimama, macho yamefunikwa, masikio yamezibwa, na njia yote imepimwa nyaya za umeme. Kwetu ifanyike Juni au Julai kwenye baridi. Atakayepanga Novemba ili awahi Krismasi atazika wanyama.

Mwanzisha mada (Mlimwa)

Nimesoma yote. Wazo la kulisha karoti kwa kila lori nimeliacha, simba nimemwacha. Bado nasema Swagaswaga haimfikii mama mwenye watoto watatu na Jumamosi moja. Napendekeza hivi: isiruhusiwe kuanza na mnyama hata mmoja mpaka kisima kimepimwa, mashamba ya lukina na mgunga yamepandwa na kuvuka viangazi viwili, na ghala lina hei ya miezi sita. Mwana Kondoa, hapo unasemaje?

Mwana Kondoa

Ukiweka sharti la viangazi viwili sitapinga kwa nguvu ile. Lakini nami nina langu: kila tiketi ya lori itoe sehemu ya nauli ya basi la wanafunzi kwenda Swagaswaga, iandikwe kwenye kibali chenyewe, si kwenye ahadi. Na miti ipandwe msimu huu wa mvua, kabla ya mtu kuchora hata ramani ya lango.

Mkazi wa Hombolo

Lukina miche ya mita mbili kwa mbili, hekta moja ni miche 2,500. Mbuzi wa jirani wataimaliza kabla haijafika goti. Anzeni na uzio wa shamba la malisho, wa wanyama baadaye.